Kodi ya kweli na kodi ya uongo: tumetoka wapi, na tuzitambue namna gani?

Maneno haya yalisemwa kwanza redioni, katika kipindi chetu cha elimu ya uraia na amani. Tumeyaandika kwa ajili yako wewe ambaye siku ile hukuwa na betri, au ulikuwa shambani, au ulisikia nusu tu na nusu ikakukimbia. Soma polepole. Kisha umsomee jirani asiyejua kusoma, maana habari ya leo inamhusu naye pia: ni habari ya pesa anazoombwa kila siku, na ya ugomvi unaozaliwa na pesa hizo.

1. Jiwe lililotupwa kwa sababu ya mbuzi

Nianze na kosa langu mwenyewe. Nilipomaliza masomo ya sheria, nilirudi nyumbani nikaanza kazi ya kufundisha wananchi haki na wajibu wao. Siku moja sokoni, wamama wauza nyama waliniita. Wakasema: «Kuna kijana anapita na daftari. Anasema kila mbuzi tunayemchinja ana pesa yake ya kulipa. Na sisi tumekwisha kulipa ya meza. Wewe uliyesoma, utuambie: ni kweli?»

Nilicheka. Nikajibu kwa sauti, watu wote wasikie: «Kodi ya kuchinja mbuzi? Basi kesho watatoza na kodi ya mbuzi akilia. Huo ni uongo, msilipe.»

Kesho yake yule kijana alirudi. Alipokewa kwa kelele, akasukumwa, na katikati ya vurugu jiwe likatupwa. Likampasua juu ya jicho. Alikimbia damu ikimtiririka, na daftari lake likabaki chini, likikanyagwa.

Jioni ile nilifungua maandiko ya sheria, jambo ambalo nilipaswa kulifanya kabla ya kufungua mdomo. Nikakuta ada ya kuchinja wanyama imo katika orodha ya kodi ambazo serikali za chini zina haki ya kutoza. Yule kijana alikuwa na karatasi ya kazi mfukoni. Hakuna aliyemwomba aionyeshe, kwa sababu mimi, mwenye diploma, nilikuwa nimekwisha kusema kwamba ni uongo. Mama mmoja mzee wa soko lile aliniambia neno ambalo sijalisahau: «Mtoto wangu, wewe ulitupa mdomo. Sisi tulikuomba karatasi.»

Sasa sikia upande wa pili. Miezi michache kabla ya hapo, mimi huyo huyo nilisimamishwa njiani na vijana wawili waliofunga kamba kutoka mti hadi mti. Walikuwa na kibao kilichoandikwa vizuri, na muhuri. Wakasema ni mchango wa kutengeneza daraja. Kweli daraja lilikuwa limevunjika, nililiona kwa macho. Nikalipa, tena nikawashukuru. Baadaye nilijua kwamba hakukuwa na sheria, wala uamuzi wa chifu, wala kamati ya kijiji. Daraja lile halikupata hata ubao mmoja.

Ndugu msomaji, angalia vizuri. Kodi iliyonichekesha ilikuwa ya kweli. Kodi iliyonipendeza ilikuwa ya uongo. Nilitumia kipimo kibaya: niliuliza kama jambo lenyewe ni la ajabu, sikuuliza limetoka wapi. Katika inchi yetu, ajabu si kipimo cha uongo. Historia itatuonyesha kwa nini.

2. Saa arobaini za Bula Matari

Tuanze na wakati wa Mfalme Leopold wa Pili. Mwaka 1885 aliitangaza Kongo kuwa dola lake. Wazee wetu waliipa serikali ile jina la Bula Matari, mvunja mawe. Dola hilo lilitaka mapato, lakini watu wengi wa vijijini hawakuwa na sarafu. Basi kodi ikatozwa kwa jasho: mpira wa porini, vyakula, kupiga makasia, kubeba mizigo.

Kwa miaka mingi hakukuwa na kiasi kilichojulikana. Afisa alisema kilo ngapi, na ikawa hivyo. Kelele zilipozidi Ulaya, dekreti ya tarehe 18 Novemba 1903 iliweka mpaka: kila mtu mzima atadaiwa kazi ya saa 40 kwa mwezi, si zaidi. Ukisoma karatasi ile peke yake, utadhani mzigo ulikuwa mdogo. Saa 40 ni kama siku tano za kazi.

Lakini nani alimsomea mtu wa porini karatasi ile? Kati ya mwaka 1904 na 1905 tume ya uchunguzi ilizunguka nchini, na ripoti yake ikachapishwa mwezi wa Novemba 1905. Ilionyesha kwamba mkata mpira alitembea siku moja, siku mbili au zaidi kila wiki mbili ili kufika penye mitambaa ya mpira, akalala porini katika baridi na hofu ya wanyama, kisha akarudi kupimiwa. Saa 40 zilikuwa zimepita kabla hajamaliza. Na aliyepungukiwa alikutana na kiboko, au kifungo, au mke wake kushikwa rehani.

Hapo tunapata fundisho la kwanza. Sheria ilikuwepo, lakini ilikaa katika sanduku la mkubwa. Mtu wa chini aliiona tu kupitia mdomo wa askari na kapita. Na mdomo ule uliongeza ulichotaka. Sheria isiyosomwa kwa watu ni mlango ulioachwa wazi: kila mwongo anaweza kuingia na kusema, «Sheria imesema.»

3. Kodi za ajabu zilizokuwa za kweli

Mwaka 1908 Ubelgiji ilichukua Kongo kutoka mikononi mwa mfalme. Dekreti ya tarehe 2 Mei 1910 ilileta kodi ya kichwa ya pesa, iliyoenea mkoa kwa mkoa. Mwanamume mzima mwenye nguvu alidaiwa kila mwaka. Ili kupata sarafu zile, ilimbidi auze mavuno au aende kutafuta kazi kwa kampuni, migodini au mashambani. Kodi ile haikuwa ya kujaza sanduku la serikali tu. Ilikuwa pia fimbo ya kuwasukuma watu waende kufanya kazi.

Lakini angalia vipengele vyake. Mwanamume mwenye wanawake wengi alilipa nyongeza kwa ajili ya wake zake. Mwenye mke mmoja na watoto wanne au zaidi aliweza kusamehewa. Jiweke mahali pa babu yako kijijini. Mtu anakuja na kusema: «Serikali inahesabu wake zako ili ulipe, na inahesabu watoto wako ili usilipe.» Wewe ungesadiki? Ungesema huyu amekunywa. Na hata hivyo ilikuwa kweli, imeandikwa na kutiwa sahihi.

Mijini mambo yalikuwa ya ajabu zaidi. Wabelgiji waliweka kodi juu ya wanawake waliohesabiwa kuwa wanaishi peke yao bila mume. Mjini Usumbura, ambayo leo ni Bujumbura, katika mtaa wa Buyenzi wa Waswahili, wanawake Waislamu walikataa hadharani kodi hiyo katika miaka ya 1950. Wengine wao walikuwa wajane. Waliona aibu kubwa, kwa maana kodi ile iliwahesabu kama wanawake wa njiani. Fikiri: mama amezika mume wake, anavaa nguo za kilio, na mlangoni anasimama mtu wa kodi kwa sababu mume hayupo. Hiyo haikuwa hadithi ya kilabuni. Ilikuwa kodi halisi, na ubaya wake ulikuwa halisi pia.

Wala usifikiri ni Afrika peke yake. Huko Urusi, mfalme Petro Mkuu alitoza kodi ya ndevu, na mwaka 1705 waliolipa walipewa kisarafu cha shaba cha kuonyesha kwamba ndevu zao zimelipiwa. Ufaransa ilitoza kodi ya milango na madirisha tangu mwaka 1798 hadi 1926, na watu wengine walijenga nyumba zenye giza ili walipe kidogo.

Kwa hiyo watu wetu wanaposadiki uvumi wa kodi ya kichekesho, usiwaite wajinga. Wana kumbukumbu. Bibi zao walitozwa kwa sababu hawana mume. Mtu aliyeng'atwa na nyoka akiona kamba anaruka, na kuruka kwake kuna maana.

4. Uongo uliojibu dhuluma

Sasa tufike mahali pa uchungu. Mwaka 1931 dunia nzima ilikuwa katika msiba wa uchumi. Katika Kwango, nchi ya Wapende, kampuni za mafuta ya mawese zilipunguza sana bei ya matunda ya michikichi. Aliyepanda mchikichi na kuhatarisha shingo yake alipewa pesa kidogo kuliko jana. Lakini kodi ya kichwa haikushuka pamoja na bei. Watu walidaiwa kile kile kutoka mfuko uliopungua. Waliokosa walifungwa au kupigwa.

Ndipo likaenea vijijini fundisho la kikundi kilichoitwa Tupelepele. Lilisema kwamba wafu watarudi na mali, kwamba watu waache kulipa kodi na waache kazi ya wazungu, watupilie mbali vitu vya wazungu. Kwa watu waliobanwa koo, neno lile lilikuwa kama maji baridi. Mwezi wa Juni, afisa wa kikoloni, Maximilien Balot, aliuawa. Jeshi likaja. Wapende zaidi ya 500 waliuawa kwa risasi. Waliokuwa na mishale na imani walisimama mbele ya bunduki.

Tusihukumu haraka. Malalamiko ya Wapende yalikuwa ya haki kabisa, na damu ile iko juu ya wale waliofyatua risasi na waliopanga bei. Lakini ahadi waliyopewa ilikuwa ya uongo. Wafu hawakurudi, na kodi haikuondoka. Dhuluma ya kweli ilijibiwa na habari ya uongo, na kati ya hizo mbili waliokufa ni watu wa kijiji.

Hapo kuna fundisho la pili. Uongo juu ya kodi una sura mbili. Sura ya kwanza inasema: «Lipa,» pale ambapo hudaiwi. Sura ya pili inasema: «Usilipe, yamekwisha,» pale ambapo bado unadaiwa. Sura ya pili ni tamu zaidi, kwa hiyo inaua zaidi.

5. Uhuru, na kifungu kisichoandikwa

Mwaka 1959, baada ya machafuko ya Januari mjini Léopoldville, watu wengi wa Kongo ya Chini walikataa kulipa kodi na kuhesabiwa. Walijua wanachofanya: ilikuwa njia ya kumwambia Mbelgiji kwamba hawamtambui tena. Hilo lilikuwa tendo la siasa, lenye viongozi na shabaha, na lilisaidia kuharakisha uhuru wa tarehe 30 Juni 1960.

Lakini pembeni yake lilizuka jambo lingine. Wazee wa umri ule husimulia jinsi walaghai walivyopita wakiuza karatasi za nyumba na magari ya wazungu, za kuchukuliwa siku ya uhuru. Wengi waliambiwa pia kwamba baada ya uhuru hakuna kodi tena milele. Uhuru ulipokuja na mtoza kodi akabaki, ngozi yake tu ikiwa imebadilika, watu walihisi wamedanganywa na uhuru wenyewe. Waliowadanganya hasa ni walaghai wale, lakini uhuru ndio uliolipa deni.

Tena kuna «kifungu cha 15». Kila Mkongomani anakijua: jitafutie namna ya kuishi. Husemwa kwamba kilitoka katika katiba ya Kasai ya Kusini, nchi ya Albert Kalonji iliyojitenga mwaka 1960. Ni mzaha wa watu, si sheria. Lakini mzaha huo ulitawala kuliko sheria nyingi zilizopigwa kura. Wakati wa Zaire, mishahara ilipokosa nguvu na kisha ikakosekana kabisa, askari, mwalimu na karani wote waliambiwa kifungu cha 15. Aliyekuwa na kalamu akaandika faini. Aliyekuwa na bunduki akaweka bariyeri. Hapo ndipo «kodi» zilipoanza kuzaliwa barabarani bila baba wala mama. Na salongo, kazi ya pamoja ya kusafisha na kulima, iligeuzwa mahali pengi kuwa faini ya mfukoni kwa asiyefika.

6. Jetoni za vita

Vita vya mwaka 1996 na vya mwaka 1998 vilizidisha ugonjwa huo. Kila kundi lenye silaha lilikuwa na jina la pesa yake: «mchango wa vita», «usalama», «mafuta ya gari». Baadhi ya makundi yalitoa hata jetoni, karatasi ndogo ya kila mwezi yenye muhuri, na mwananchi aliyekutwa bila jetoni alipigwa au kufungwa shimoni. Karatasi ilikuwepo, muhuri ulikuwepo, na mtozaji alikuwepo. Kilichokosekana ni sheria.

Mwaka 2017 watafiti waliohesabu vizuizi vya njiani katika Kivu ya Kaskazini na Kivu ya Kusini walipata 798. Vingine vilikuwa vya makundi yenye silaha, vingi vilikuwa vya watumishi wa Leta wenyewe. Fikiri mama mwenye kikapu cha mihogo. Bei unayomlalamikia sokoni imebeba kamba zote alizopita.

7. Simu na kodi iliyokufa

Usiseme haya ni ya zamani tu. Mwezi wa Septemba 2020 watu walianza kuona pesa za simu zao zinakatwa zenyewe. Ilikuwa RAM, malipo ya kuandikisha simu za mkononi: dola 1 kwa mwaka kwa simu ndogo, na dola 7 kwa simu za aina ya juu. Wengi waliposikia mara ya kwanza walisema ni uvumi. Mtu atalipaje simu ambayo amekwisha kuinunua? Lakini pesa zilikatwa kweli.

Halafu swali la pili likaja: je, ni halali? Malipo yale yalikuwa yamewekwa kwa maandiko ya serikali na ya mawaziri, na wabunge pamoja na vyama vya raia wakauliza sheria iliyopitia bungeni iko wapi. Watu walilalamika, waliandika, waliwahoji mawaziri. Mwanzoni mwa mwaka 2022 malipo yale yakafutwa.

Hili ni fundisho la tatu, nalo linanipa moyo. Kuna kodi ya kweli, kuna kodi ya uongo, na kuna ya tatu: inayotozwa kweli na wakubwa wenye ofisi, lakini msingi wake wa sheria una mashaka. Hiyo ya tatu haiondolewi kwa jiwe. Mwaka 2022 iliondolewa kwa swali lililoulizwa na watu wengi, muda mrefu, bila kuchoka.

8. Maswali manne

Basi tutafanyaje, ndugu msomaji, mtu akisimama mbele yako na daftari? Acha kuuliza kama ni jambo la ajabu. Uliza haya manne.

Swali la kwanza: sheria gani? Katiba ya tarehe 18 Februari 2006, kifungu cha 174, inasema kwamba kodi haiwezi kuwekwa ila kwa sheria. Kifungu hicho hicho kinasema pia kwamba kuchangia gharama za umma ni wajibu wa kila anayeishi nchini, na kwamba msamaha wa kodi nao hutolewa kwa sheria. Kwa hiyo anayesema «lipa» aonyeshe sheria, na anayesema «mmesamehewa» aonyeshe sheria vile vile. Orodha za kodi na ada huandikwa: tarehe 13 Machi 2018, kwa mfano, zilitoka amri mbili zenye nguvu ya sheria, namba 18/003 kwa serikali kuu na namba 18/004 kwa mikoa na serikali za chini. Orodha hubadilika mwaka hadi mwaka, kwa hiyo omba ile mpya.

Swali la pili: wewe ni nani? Kodi za serikali kuu zina nyumba zake: DGI kwa kodi, DGDA kwa forodha, DGRAD kwa ada za utawala. Mkoa una shirika lake la mapato. Mji, komine, sekta na utawala wa kimila ni serikali za chini zinazotambuliwa na sheria, na zina mapato yao. Grupema na kijiji haviko katika hesabu hiyo. Chifu wa kijiji anaweza kuwaita watu wachangie kisima, na jambo hilo ni jema, lakini huo ni mchango wa mapatano, si kodi. Na mtozaji yeyote wa kweli ana karatasi ya kazi yenye jina lake. Askari si mtoza kodi.

Swali la tatu: karatasi ya malipo iko wapi? Pesa kubwa za serikali hulipwa benki, kwenye hesabu ya serikali, baada ya kupewa karatasi inayosema deni ni kiasi gani. Kwa malipo madogo ya sokoni, unapewa tiketi yenye namba, bei na jina la ofisi. Lakini kumbuka jetoni za vita: karatasi peke yake haitoshi. Ndiyo maana swali la kwanza linatangulia.

Swali la nne: pesa inakwenda wapi? Kodi ya kweli inaingia katika bajeti. Mnayo haki ya kuuliza kwenye komine: mwaka huu mmepokea nini, na mmefanya nini? Ofisi isiyoweza kujibu swali hili haigeuzi kodi yake kuwa uongo, lakini inawalisha waongo.

9. Namna ya kuuliza bila kuvunja amani

Kujua maswali ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni kuyauliza vema.

Usiulize peke yako, na usiulize kwa hasira. Wauzaji wa soko wachague watu watatu, wanawake kwa wanaume, waende ofisini mchana, wapewe orodha ya ada, waibandike ukutani penye macho ya wote. Siku orodha ikiwa ukutani, mwongo anakosa kazi, na mtozaji wa haki anakosa maadui.

Habari ikikufikia kwa mdomo au kwa simu, kwamba kesho kila kuku atalipiwa, au kwamba rais amefuta kodi zote, usiitume mbele. Iweke mkononi kwanza. Uliza: nani ameandika, tarehe gani, namba gani? Habari isiyo na tarehe wala namba ni kama mtoto aliyeokotwa njiani: mtafutie wazazi wake kabla ya kumpeleka nyumba ya mwingine.

Penye bunduki, usibishane. Ukisimamishwa njiani na mwenye silaha, sheria haitakukinga na risasi. Lipa, pita, kumbuka mahali, siku na saa, kisha uwaambie watu wenye uwezo wa kufuatilia: wakili, kamati ya haki za binadamu, padri, mchungaji, imamu, mtu wa redio. Ujasiri wako tunauhitaji kesho, ukiwa hai.

Na nyinyi watozaji mnaosoma, maana najua mpo, ndugu zangu: semeni jina lenu kabla ya kuombwa. Onyesheni karatasi kabla ya kudaiwa. Mtozaji anayekasirika anapoombwa karatasi anawafundisha watu kwamba karatasi haina maana, na siku moja jiwe litampata mwenzake asiye na kosa.

Yule kijana wa sokoni, nilimtembelea. Nilipeleka sabuni na maneno machache ya kuomba msamaha. Alikuwa na mshono juu ya jicho. Hakunitukana. Aliniuliza tu: «Metre, kwa nini hukuniuliza mimi? Nilikuwa na karatasi.» Sikuwa na jibu siku ile. Kazi yangu tangu hapo, na maneno haya unayosoma, ndiyo jibu ninalojaribu kumpa.

Maswali ya kuzungumza katika kikundi

– Katika soko letu au kijiji chetu, tunalipa malipo gani kila wiki? Kwa kila moja, nani anajua sheria yake?
– Je, tumewahi kukataa malipo yaliyokuwa ya haki, au kukubali yaliyokuwa ya uongo? Nini kilitudanganya?
– Wazee waliopo wanakumbuka kodi gani za zamani? Ziliwafanya waione serikali namna gani?
– Nani watatu tutakaowatuma kuomba orodha, na lini?

Karatasi hii usiitupe, mpe jirani.